Garmin zūmo XT na XT2: mapitio kwa anayetaka kufunga GPS kwenye pikipiki

Ukifika Kariakoo ukaulizia "GPS ya pikipiki", mara nyingi utaletewa kikasha cheusi kidogo cha kufichwa chini ya siti, ili mwenye chombo ajue dereva wake yuko wapi. Hicho ni kifaa cha kufuatilia. Hakina kioo na hakikuelekezi popote. Mapitio haya ni ya kile kingine, chenye kioo, kinachokaa usukanini na kukuonyesha njia. Tumechukua Garmin zūmo XT na mdogo wake XT2 kwa sababu vilitengenezwa kwa ajili ya pikipiki tangu mwanzo, na kwa sababu ukivichunguza unajua cha kudai hata kama mwishowe utafunga simu yako ya zamani.

XT ilitoka mwaka 2020 kwa dola 499.99, XT2 ikafuata mwaka 2023 kwa dola 599.99. Hizo ni bei za Marekani. Ongeza usafiri na ushuru, na mtu ana haki ya kuuliza fedha yote hiyo inanunua kitu gani ambacho simu haina.

Kioo cha XT ni cha inchi 5.5 chenye nukta 1280 kwa 720, cha XT2 ni inchi 6, na vyote viwili vinasomeka jua la saa saba mchana bila kukinga kwa mkono. Vinakubali kuguswa kwa glavu. Maji havijali: kiwango chake ni IPX7, maana yake vinavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Betri ya XT inafika saa 6, lakini ukiweka mwanga hadi mwisho, kama utakavyolazimika kufanya Dodoma au Lodwar, inashuka hadi saa 3 na nusu. Kwa hiyo umeme wa pikipiki ni lazima, si hiari.

Yote hayo ni mazuri, ila tungekuwa tunalipia hayo peke yake tungesema baki na simu. Fedha yako inakwenda mahali ambapo wengi hawaangalii, nyuma ya kifaa. XT haipokei umeme wa pikipiki kwa plagi inayoingia kwenye tundu. Inakaa kwenye kitako chenye pini fupi za springi, na pini hizo zinagusa vibati vilivyo mgongoni mwake. Fikiria injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 100 kila sekunde, na kila mzunguko unatikisa usukani. Plagi ya USB iliyochomekwa kwenye simu hapo inakuwa wenzo: waya unaning'inia, plagi inacheza, na risasi inayoshika tundu la kuchajia kwenye saketi inapata ufa. Baada ya miezi michache simu inachaji ukiinamisha waya upande mmoja tu. Pini za springi hazina wenzo wowote. Zinafuata mtetemo, zinarudi.

Simu ina maradhi mengine mawili. La kwanza ni kamera. Mwaka 2021 Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mtetemo mkali wa injini kubwa za pikipiki, ukipitia chasi na usukani, unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza picha wa iPhone. Ndani ya kamera kuna lenzi inayoelea kwa sumaku, na mtetemo wa muda mrefu huichosha. Simu yoyote yenye mfumo wa namna hiyo iko kwenye hatari ileile, awe ameitengeneza nani. La pili ni joto. Apple inataja nyuzi 35 za hewa kuwa mwisho wa matumizi ya kawaida ya iPhone. Mombasa mwezi wa pili hewa yenyewe inakaribia hapo, na bado hujaweka simu juani, ndani ya mfuko wa plastiki wa kuzuia maji, huku inachaji. Itapunguza mwanga yenyewe, halafu itakataa kuchaji, halafu itajizima, na hayo yote yanatokea pale unapoihitaji zaidi.

Basi ukiamua simu, usifunge ile unayoipenda. Funga ya zamani, isiyo na kitulizo cha picha, bila laini ukitaka, yenye ramani zilizopakuliwa tayari. Mpokeaji wa setilaiti hahitaji bando. Programu za ramani za Organic Maps na OsmAnd zote hufanya kazi bila mtandao. OsmAnd ina mambo mengi zaidi lakini toleo lake la bure lina kikomo cha idadi ya ramani, wakati Organic Maps ni nyepesi na inaenda vizuri hata kwenye simu dhaifu. Weka kitulizo cha mtetemo kati ya kishikio na simu. Quad Lock na SP Connect wote wanauza kipande cha namna hiyo kikiwa na vijimpira ndani, nacho ni cha kununua siku ileile unayonunua kishikio.

Ramani kabla ya kifaa

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa huku wanapoumia. Zūmo iliyoagizwa Ulaya au Marekani inakuja na ramani za huko. Ukiiwasha Morogoro utaona barabara kuu kama uzi mmoja, na pembeni yake hakuna kitu. Si mbovu. Haina ramani. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe na akutafutie mtaa wa kawaida, Tandale au Kawangware, siyo Posta.

Kuna njia mbili za kuipa ramani. Moja ni kununua Tracks4Africa, ramani ya Afrika kutoka kampuni ya Afrika Kusini, iliyojengwa kwa nyayo za wasafiri wenyewe, na ubora wake uko kwenye njia za porini. Nyingine ni ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea, zilizogeuzwa kwa mfumo wa Garmin, ambazo ni bure. Usizidharau kwa kuwa ni bure. Kibera iliingizwa humo mwaka 2009 na vijana wa Map Kibera, na Dar es Salaam ilipimwa kata kwa kata kuanzia 2015 chini ya Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wakipita kwa miguu wakiandika mitaro, vichochoro na madaraja ya waenda kwa miguu kwa sababu ya mafuriko. Kwa uswahilini, kwa mizunguko ya bodaboda hasa, hakuna ramani ya kulipia tunayoiweka juu ya hiyo.

Kuiweka ni kazi ya dakika kumi. Chukua kadi ya microSD iliyofomatiwa FAT32, tengeneza folda iitwayo Garmin, weka humo faili la ramani linaloishia na .img, rudisha kadi kwenye kifaa. Kisha nenda kwenye mipangilio ya ramani, kipengele cha myMaps, na uondoe alama kwenye ramani zote nyingine za eneo hilo. Hatua hii ya mwisho ikirukwa, ramani mbili zinalaliana, moja inaficha nyingine, na mtu analalamika kuwa ramani ya bure haina kitu.

Isasishe angalau mara mbili kwa mwaka. Mfano mmoja unatosha: daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa karibu kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025. Kifaa chenye ramani ya zamani hakilijui daraja hilo. Kitakupeleka kivukoni, na muda wa kufika Sengerema kitakaokupa umehesabiwa kwa feri.

Mipangilio miwili inastahili kuguswa kabla ya safari. Kwanza, kipengele cha kukwepa barabara zisizo na lami. Kikiwa kimewashwa, kifaa kitakuzungusha kilomita mia moja kukwepa kipande cha changarawe cha kilomita kumi. Kwa nchi zetu kizime, halafu ujue wewe mwenyewe unakwenda wapi. Pili, elewa tofauti ya ruti na treki. Ruti ni orodha ya vituo, na kifaa ndicho kinachoamua kupita wapi kati ya kituo na kituo, kwa kufuata ramani iliyo ndani yake. Ukiichora ruti kwenye kompyuta yenye ramani nyingine, kifaa kitaikokotoa upya na kukupitisha kwingine bila kukuaga. Treki ni mstari mtupu wa nukta. Haubadiliki. Kwa njia kama ile ya Lushoto kwenda Mtae, yenye kona juu ya kona na michepuko ya mashambani, pakia treki na ifuate kwa macho.

Kishikio

Ndani ya boksi la XT kuna vifaa vya kufungia vya mfumo wa RAM, kampuni ya vishikio: kitako cha usukani chenye bolti ya umbo la U, mpira wa mviringo wa kipenyo cha milimita 25.4, mkono wenye vikombe viwili, na kibati kinachofungwa nyuma ya kitako cha GPS kwa skrubu za M4. Matundu ya kibati yamepangwa milimita 30 kwa 38. Shika vipimo hivyo viwili kichwani, 25.4 na 30 kwa 38, kwa sababu ndivyo vitakavyokuwezesha kuchanganya vipande vya watengenezaji tofauti baadaye bila kubahatisha.

Pima usukani kwanza. Boxer, TVS na pikipiki karibu zote za bodaboda zina bomba la milimita 22. Kubwa za safari nyingi ni milimita 28.6 katikati, zikipungua hadi 22 kwenye vishikio vya mikono. Huna kalipa? Zungusha uzi mara moja kwenye bomba: uzi wa karibu milimita 70 ni bomba la 22, uzi wa milimita 90 ni bomba la 28.6. Bolti ya U isiyolingana na bomba haitashika hata uikaze vipi. Itakwaruza kromu, itazunguka kwenye tuta la kwanza, na kifaa kitainama kutazama tangi.

Mahali pazuri ni karibu na katikati, juu ya vibano vya usukani, si karibu na mikono. Ncha za usukani hutetemeka zaidi kuliko katikati, na kifaa kilicho pembeni kinakulazimisha kugeuza shingo badala ya kushusha macho tu. XT ina upana wa sentimita 14.4 na uzito wa gramu 262, kwa hiyo kabla ya kukaza fanya jaribio la mkono: shikilia kifaa pale unapotaka kikae, geuza usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia. Kisiguse tangi. Kisibane waya wa klachi wala wa mafuta, kisiegemee bomba la breki ya mbele. Kisifunike taa ya nyutro, taa ya oili, wala tundu la funguo. Kisha panda, simama kwenye pedali kama unavyofanya kwenye barabara mbovu, na hakikisha hakuna ncha inayoelekea kifuani.

Usukani ukiwa umejaa, vifaa vya Garmin vinaruhusu kuondoa bolti za kibano cha klachi au breki na kuweka ndefu za M6 zinazobeba kitako cha GPS juu yake. Ni mahali imara sana, kwa sababu ni chuma juu ya chuma na hakuna cha kuzunguka.

Kwa bolti ya U, Garmin wanataka nati zikazwe kwa Nm (newtonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 5.65 na zisizidi Nm 9.04. Gereji nyingi hazina spana ya kipimo, basi hesabu hivi: kwenye spana fupi ya sentimita 12, nguvu inayotakiwa mwishoni mwa mkono wa spana ni kama ya kuinua kilo tano. Si nguvu ya kiwiko. Kaza nati moja nusu mzunguko, hamia ya pili nusu mzunguko, rudi ya kwanza, na mwishoni nyuzi zinazochungulia juu ya nati zilingane pande zote mbili. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, bolti inalala, na itajilegeza yenyewe. Kama bomba lina kromu inayoteleza, weka kipande cha tyubu ya baiskeli chini ya kibano, tabaka moja. Tabaka mbili zinakuwa godoro na kifaa kinaanza kucheza.

Gundi ya bluu ya kuzuia skrubu zisilegee ni nzuri kwenye nati za chuma. Kwenye skrubu zinazogusa plastiki usiiweke kabisa, kwa kuwa plastiki za aina nyingi hupasuka zikiguswa nayo. Ufa hauonekani siku ileile. Unaonekana wiki ya pili, kama uzi mweupe kuzunguka tundu, na kesho yake kitako kinabaki mkononi. Kwenye plastiki tumia nati zenye pete ya nailoni ndani.

Chukua mkono mfupi pale unapofaa. Kila sentimita ya urefu ni wenzo, na kifaa kwenye mkono mrefu kinatikisika hadi huwezi kusoma jina la mtaa. Mpira wa RAM ni wa kukaza kwa vidole tu, na usiupake chochote: si oili, si silikoni, si dawa ya kulegeza kutu. Mpira mkavu ndio unaoshika. Vumbi jekundu likiingia kwenye vikombe hufanya kazi ya msasa, kwa hiyo baada ya safari ya vumbi legeza, osha kwa maji matupu, kausha, kaza tena.

Holda za plastiki za kufunga kwenye shina la kioo cha pembeni tunazikataa, hata kwa simu ya bei ndogo. Shina ni refu na jembamba, linatetemeka kama antena, na uzito wa simu unalilegeza hadi kioo chenyewe kinageuka. Springi ya makucha inachoka kwa jua, plastiki inakuwa kama biskuti, na huwa inakatika ukiwa mwendo mkubwa, kwa sababu ndipo upepo unaposukuma zaidi. Ukitaka kishikio cha makucha kwa simu, X-Grip ya RAM inakubalika mradi ufunge na ile kamba yake ya mpira. Wanaoiacha kamba nyumbani wanaokota simu barabarani.

Umeme

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama utabaki na furaha mwaka mzima. Betri ya pikipiki ndogo ni ndogo kweli. Chukua ya Ah 5 (ampea-saa tano). Adapta ya USB ya bei rahisi iliyounganishwa moja kwa moja hunyonya kidogo hata bila kuchaji kitu. Ikiwa ni miliampea 20 tu, kwa siku inakula karibu Ah 0.5. Siku kumi pikipiki ikiwa imesimama, betri imekwisha. Kwa hiyo kwenye pikipiki ndogo chukua umeme unaokatika na swichi ya funguo. Kwenye pikipiki kubwa yenye betri nzito, moja kwa moja kutoka betrini inakubalika, na ni bora kuliko kugusa nyaya za kiwandani usizozijua. Kama pikipiki ina mfumo wa CAN, yaani kompyuta zake zinawasiliana kupitia nyaya, mfano BMW za kisasa, usikate waya wowote. Tumia soketi ya vifaa vya ziada aliyoiweka mtengenezaji.

Kumtafuta waya wa swichi, weka mita kwenye DC volti 20, mguu mweusi kwenye hasi ya betri. Funguo ikiwa imezimwa waya usome sifuri, ikiwashwa usome kama 12. Waya wa honi au wa taa ndogo ya nyuma mara nyingi hufaa. Kisha washa injini, ongeza mafuta kidogo, na usome tena. Betri yenye afya na rektifaya nzima (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri) hutoa kati ya 13.5 na 14.5. Ikipanda juu ya 15, usiunganishe kitu chochote. Rektifaya imekufa, na kitakachofuata kufa ni GPS yako. Jihadhari pia na waya wa taa kubwa. Kwenye baadhi ya pikipiki ndogo taa ya mbele inalishwa na AC moja kwa moja kutoka kwenye koili, na utaijua kwa sababu taa huongezeka mwanga kila ukiongeza mafuta. Waya huo hauna kazi kwako.

Rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, si lazima. XT au simu inayochaji kwa wati 10 inachukua chini kidogo ya ampea moja kutoka kwenye volti 13.5, na waya wa honi unabeba hiyo bila kuhangaika. Ukitaka kuongeza taa za pembeni siku moja, hapo weka rilei ya miguu minne: 30 kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi, 87 kwenda kwenye vifaa, 86 kwenye waya wa swichi, 85 kwenye hasi.

Kazi yenyewe. Toa hasi ya betri kwanza, kwa spana namba 10. Laza waya kutoka usukanini, pita shingoni mwa fremu, chini ya tangi, hadi kwenye betri, mbali na kichwa cha silinda na bomba la moshi. Hapo shingoni acha kitanzi kilegevu, kwa sababu ndipo waya unapokunjwa kila ukigeuza usukani, na ndipo nyaya nyingi hukatikia ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Geuza usukani hadi mwisho pande zote. Waya usikazike popote. Funga kwa kamba za plastiki kila sentimita 15 hadi 20, bila kuukaba.

Hasi ipeleke hadi kwenye betri yenyewe. Fremu imepakwa rangi, na bolti iliyo juu ya rangi ni mguso wa kubahatisha. Chanya ipitie fyuzi ya ampea 2 au 3, ikae sentimita 15 tu kutoka pale unapochukulia umeme. Fyuzi inalinda waya, hailindi kifaa. Ukiiweka mwisho wa waya karibu na usukani, waya wote ulio chini ya tangi la petroli unabaki bila ulinzi.

Viungo tunapendelea vya kubana kwa koleo, na juu yake mpira wa kusinyaa kwa joto. Kulehemu kunaonekana imara, lakini risasi hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuzifanya ngumu, kisha mtetemo unazikata pale pale risasi inapoishia. Vile vibano vya bluu vya kutoboa waya bila kuukata, viache. Vinakata nyuzi kadhaa na kuacha mlango wa maji. Na solotepu nyeusi peke yake inayeyuka gundi ndani ya msimu mmoja wa joto, ikabaki utepe unaoteleza juu ya waya mtupu.

Mwisho rudisha hasi ya betri, washa, na acha injini ikizunguka dakika kumi. Kaza tena nati zote baada ya kilomita 100, na mara nyingine baada ya 500. Mpira na rangi hujilaza, na kilichokuwa kimekaza jana kinakuwa kimelegea leo bila mtu kukigusa.

Yanayoharibika, na yanasema nini

Kifaa kikiandika kuwa umeme wa nje umepotea kila ukiruka tuta, anza na pini za kitako. Jasho, chumvi ya pwani na vumbi huweka ukoko juu yake. Pamba yenye spiriti inatosha. Usikwaruze kwa kisu, kwa sababu ukitoa ile rangi ya juu kutu itarudi kwa kasi. Pini zikiwa safi, angalia kikombe cha fyuzi: kibati kilicholegea ndani yake ndicho kinachofuata kwa kulaumiwa. Kikizima na kuwaka wakati wa kupiga stata tu, volti inaanguka mno pale, na betri yako inazeeka.

Kikichelewa kupata setilaiti, kwanza mpe nafasi. Kifaa kilichosafirishwa kutoka bara lingine kinahitaji dakika kadhaa chini ya mbingu wazi, kikiwa kimesimama, si ndani ya gereji ya mabati. Kama kila siku kinapoteza mahali, zima taa za LED na chaja ya USB, moja baada ya nyingine. Taa za LED na chaja za bei rahisi zina saketi ya kukatakata umeme inayotoa kelele za redio, na mawimbi ya setilaiti yanapofika chini ni hafifu kiasi kwamba kelele hiyo huyazima. Kuisogeza chaja sentimita 30 mbali na kifaa mara nyingi hutibu. Na mshale ukielekea kusikojulikana ukiwa umesimama kwenye taa za barabarani, hapo hakuna ugonjwa: kifaa kinajua uelekeo kwa kuona umehama kutoka wapi kwenda wapi.

Simu nayo ikilalamika kuna unyevu kwenye tundu la chaji, usiilazimishe. Toa waya, iache ikauke. Mvua pia hupiga vidole bandia kwenye kioo cha simu. Ramani inajikuza na kujisogeza yenyewe. Funga kioo kwenye programu kabla wingu halijapasuka.

Nani anunue nini

Bodaboda wa mjini haihitaji zūmo. Mitaa anaijua, na abiria hulipa kwa dakika anazookoa, si kwa ukubwa wa kioo. Simu ya zamani yenye Organic Maps, kishikio cha chuma, kitulizo na waya wenye fyuzi vinamtosha kabisa. Anayeongoza wageni Moyale, Katavi au Ruaha, au anayesafirisha dawa na sampuli wilayani ambako njia inabadilika kila masika, huyo anunue XT. XT2 tunaipendekeza tu kama macho yameanza kuchoka na inchi 6 zitamsaidia kweli. Nusu inchi ya ziada haitengenezi barabara isiyo kwenye ramani, na tofauti ya dola mia moja ni bora iende kwenye kishikio cha pili, fyuzi za akiba au ramani ya Tracks4Africa.

XT ya mtumba nayo ni sawa, ila kagua mambo matatu kabla ya kulipa: pini na vibati vya mgongoni visiwe vya kijani, betri ikae angalau saa mbili ikiwa na mwanga wote, na kitako kiwepo pamoja na waya wake. Kifaa kisicho na kitako chake hakikufai kwa lolote tulilolisema hapa.

Ukisimama kula, kitoe uingie nacho. RAM wanauza kitasa cha kukazia chenye ufunguo, lakini kinalinda mkono, hakilindi kioo. Na siku ya kuosha pikipiki, kitoe kabla hujamkabidhi kijana wa mashine ya presha. IPX7 inahusu kuzama kwenye maji yaliyotulia. Haisemi lolote kuhusu mkondo wa presha unaopigwa kwa karibu, na maji ya namna hiyo hupita kwenye mpira wa kuzibia ambao mvua ya Tanga haikuweza kuupita mwaka mzima. Kitako kinachobaki usukanini kivalishe kipande cha tyubu juu ya pini, mdomo ukitazama chini.